Fundi wa Koni na Vibandiko Vyake

Kabla hajagusa kompyuta, binti alichukua penseli. Kwenye ukurasa wa daftari la shule alichora mstatili mrefu, umbo la simu, na ndani yake visanduku vinne vilivyopangwa kimoja chini ya kingine, kisha kitufe kipana chini kabisa. Pembeni mwa kila kisanduku aliandika jina. Jina la mvuvi. Aina ya samaki. Uzito. Bei ya kilo. Kwenye kitufe aliandika Hifadhi. Akautazama mchoro kwa muda, akafuta neno uzito, mahali pake akaandika uzito_wa_kupima. Nilimuuliza kwa nini amelirefusha.

"Ngoja, Papa," alisema, akiniita hivyo kwa heshima. "Utaona kesho."

Tulikuwa Koni, kwenye mto Lufira, nyumbani kwa baba yake, fundi umeme mstaafu. Watu wa Katanga wakisikia jina Koni huwaza umeme kwanza. Kituo hiki kilianza kazi mwaka 1950, kina mashine tatu zenye uwezo wa megawati 42 kwa jumla, na maji yanayozizungusha yamekwisha kuzungusha zile za Mwadingusha, kituo kikongwe cha mwaka 1930 kilicho juu yake kwenye mto uleule. Umeme wa Lufira ulilisha viwanda vya shaba vya Likasi tangu mji huo ukiitwa Jadotville. Na bwawa la Mwadingusha lilipoziba mto, nyuma yake lilitandaa ziwa Tshangalele, ambalo wavuvi wake huleta samaki hadi masoko ya Likasi. Binti huyu huandika programu za simu, na programu aliyokuwa akiishughulikia siku zile mbili nilizokaa naye ni ya watu wa samaki: daftari la mnunuzi anayepima mzigo wa mvuvi, anaandika kilo, anapiga hesabu, anamlipa. Iliandikwa mwaka 2018 na kijana aliyekuwa naye shuleni. Kijana alihama, programu ikabaki mikononi mwake, na kazi ya siku ile ilikuwa kuiongezea skrini moja mpya.

Nilitaka kuiona kazi hiyo kwa macho yangu, maana nimeishi miaka mingi nikiitumia simu bila kujua kidole changu kinapogusa kitufe ni nani aliyekiambia kitufe hicho la kufanya. Nimewahi kukaa na mafundi seremala na mafundi cherehani. Sikuwahi kukaa na fundi wa programu mwanzo hadi mwisho.

Baba yake ndiye aliyenifungulia mlango wa kuelewa, tukiwa bado tunakunywa chai. Alitoa kwenye boksi la zana kipande cha waya chenye urefu wa kiganja. Kwenye ncha zake zote mbili palikuwa na kipete kidogo cha plastiki cheupe chenye namba ileile. Mafundi wa huku huita kipete hicho repere, kwa neno walilolichukua kwenye Kifaransa. Ndani ya tablo ya umeme waya ni mamia, alisema, na zote zinafanana. Fundi hafuati waya kwa macho kutoka mwanzo hadi mwisho. Anasoma repere, anatafuta borni, yaani mahali pa kufungia waya, yenye namba hiyohiyo, anafunga. Waya usiokuwa na repere hauguswi na mtu hadi ujulikane unakotoka. Kisha akamwelekezea kidole binti yake. "Njo kazi yake na yeye," alisema. "Anaweka repere."

Asubuhi iliyofuata kompyuta ilifunguliwa. Ni mashine ya mkono wa pili, kibodi yake imefutika herufi tatu, na Android Studio, karakana yake ya kuandikia programu, humchukua dakika kadhaa kuamka. Yeye hutumia dakika hizo kupanga meza: daftari lenye mchoro kushoto, simu ya Tecno yenye kioo kilichopasuka pembeni ikiwa kwenye waya wa USB kulia. Intaneti aliifunga kwa makusudi. Maktaba zote za msimbo anazohitaji alishazipakua mjini Likasi na kuzihifadhi, kwa hiyo huujenga mradi wake bila mtandao na bila kula vocha.

Hatua ya kwanza ni faili la mpangilio. Hili ni faili la maandishi matupu linaloeleza skrini ina nini: hapa kisanduku cha kuandikia, hapa maandishi yasiyobadilika, hapa kitufe. Kila kitu cha aina hiyo mafundi wa Android hukiita view. Mimi nitakiita kijenzi. Aliviandika vijenzi vyake kimoja kimoja, akifuata mchoro wa penseli kutoka juu kwenda chini, na kila alipomaliza kimoja alirudi kukipa kitambulisho: jina_la_mvuvi, aina_ya_samaki, uzito_wa_kupima, bei_ya_kilo, kitufe_hifadhi. Herufi ndogo tupu, maneno yameunganishwa kwa mstari wa chini. Alikuwa akitamka kila jina kwa sauti ya chini kabla ya kuliandika. Jina lisilotamkika vizuri, aliniambia, huwa halieleweki vizuri baada ya mwaka mmoja.

Majina hayo mashine haiyatumii kama yalivyo. Mradi unapojengwa, kila kitambulisho hugeuzwa kuwa namba na kuwekwa kwenye klasi moja, yaani fungu moja la msimbo, yenye jina la herufi moja tu, R. Alinionyesha namba mojawapo: 2131230900. Ukiiandika kwa hesabu ya kumi na sita inakuwa 0x7f0800b4, na hapo inasomeka kama anwani ya nyumba. Tarakimu za mwanzo, 7f, zinasema kitu hiki ni mali ya programu yenyewe, tofauti na mali ya mfumo wa simu. Zinazofuata zinataja aina yake. Nne za mwisho ni namba yake katika foleni ya wenzake. Nikakumbuka kipete cheupe cha mzee.

Sasa kuna pande mbili ambazo hazijajuana. Upande mmoja ni faili la mpangilio lenye vijenzi. Upande wa pili ni msimbo wa Java unaotakiwa kusoma kilichoandikwa ndani ya vijenzi hivyo, kupiga hesabu na kuhifadhi. Kuziunganisha pande hizo ndiyo kazi niliyokwenda kuitazama, na alianza kwa kunionyesha jinsi ilivyofanywa zamani, kwa mkono.

Njia ya mkono ni amri iitwayo findViewById. Unaipa namba ya kitambulisho, nayo inaanzia kwenye shina la skrini, inapita tawi kwa tawi hadi ikipate kijenzi chenye namba hiyo, kisha inakuletea. Skrini yenye vijenzi vitano inahitaji mistari mitano ya namna hiyo, yenye vijenzi ishirini inahitaji ishirini. Na hadi mwaka 2017, toleo la 8 la Android lilipotoka, kila mstari ulihitaji pia utamke aina ya kitu unachokitarajia, maana amri ilikurudishia kijenzi bila kusema ni kisanduku au ni kitufe. Aliandika mistari mitano ya mtindo huo wa kale kwenye faili la mazoezi, polepole, na alipofika wa nne akasimama. "Angalia, Papa. Mkono umeshachoka, na jicho limeacha kusoma." Mstari wa nne ulikuwa nakala ya wa tatu. Alibadilisha jina la kushoto akasahau namba ya kulia. Alikuwa amekosea kwa makusudi ili nione, lakini mimi niliyekuwa nikitazama mstari kwa mstari sikuwa nimeona kitu.

Kosa la namna hiyo halipigi kelele. Kompaila, inayogeuza msimbo kuwa programu, inalipitisha, programu inafunguka, na mnunuzi wa samaki anaandika uzito mahali ambapo msimbo unaamini pana bei.

Njia ya kuuondolea mkono kazi hiyo ilianzia kwenye anotesheni, ambazo lugha ya Java ilizipata mwaka 2004, katika toleo lake la 5. Anotesheni ni kibandiko kinachotanguliwa na alama ya @, na chenyewe hakifanyi kazi yoyote. Unakibandika juu ya kitu ndani ya msimbo, kwa ajili ya msomaji mwingine atakayekuja kukisoma. Msomaji huyo anaweza kuja katika mojawapo ya nyakati mbili. Anaweza kuja programu ikiwa tayari inakimbia ndani ya simu, ikajichunguza yenyewe na kuvisoma vibandiko vyake. RoboGuice, maktaba iliyotumiwa na waandishi wengi wa Android miaka ya mwanzo, ilifanya hivyo, na kwenye simu ndogo uchunguzi huo ulikuwa mzito. Au anaweza kuja mapema, mradi ukiwa bado unajengwa kwenye kompyuta. Toleo la 6 la Java, mwishoni mwa mwaka 2006, liliifungulia njia hiyo ya pili: kompaila ikiwa kazini, huita programu ndogo ivisome vibandiko na kuandika mafaili mapya ya Java, ambayo kompaila huyachukua na kuendelea nayo kana kwamba yaliandikwa na mtu.

Mwaka 2013 Mmarekani Jake Wharton, aliyekuwa mhandisi katika kampuni ya Square, alitoa maktaba ya msimbo iliyofuata njia hii ya pili kwa kazi moja tu, kuunganisha vijenzi. Aliiita Butter Knife, kisu cha siagi, jina linalotaniana na Dagger, yaani jambia, maktaba nyingine ya Square yenye kazi pana na makali zaidi. Kisu cha siagi kinafanya jambo dogo na hakimkati mtu. Kwa miaka kadhaa kilikuwa ndani ya programu nyingi sana za Android duniani, na kijana aliyeondoka Likasi alikitumia kwenye daftari la samaki.

Fundi alifungua faili la Java, akashuka mstari mmoja, akaandika:

@BindView(R.id.jina_la_mvuvi) EditText jinaLaMvuvi;

Mstari wote ni huo. Kushoto kabisa kibandiko, ndani ya mabano kitambulisho cha kijenzi, kisha aina ya kijenzi, kisha jina la nafasi itakayokishika. Aliandika mitano, akaipangilia ili vibandiko vyote vianze kwenye safu moja na macho yaweze kushuka wima. Hakuna lililompa haraka. Baada ya kila mstari aligeuza uso kwenye daftari, akaweka alama ndogo ya penseli kando ya kisanduku husika, akarudi.

Niliona hakuandika neno private mbele ya nafasi zile, wakati nafasi nyingine zote za klasi alikuwa amezifunga kwa neno hilo. Sababu yake ni nzuri, na ilinifurahisha kuijua. Klasi itakayoandikwa na mashine itakaa kwenye pakiti ileile na klasi yake, kama jirani wa ua mmoja. Jirani anaweza kuingia uani. Hawezi kuingia chumba kilichofungwa kwa ufunguo. Ukiifunga nafasi, kisomaji cha vibandiko kinakataa papo hapo na kutaja mstari wenye kosa. Alinionyesha hilo pia: aliongeza private kwenye mstari wa pili, akajenga, mstari mwekundu ukatokea, akalifuta neno, akajenga upya.

Ujenzi huchukua muda kwenye mashine ile. Feni ilianza kuvuma. Mzee alipita, akaiwekea kompyuta kipande cha mbao chini ili hewa ipite, akaondoka bila neno. Binti hakuinuka. Nilimuuliza kama huwa anakwenda kufanya kitu kingine wakati wa kusubiri. Alisema zamani alikwenda, siku hizi hukaa akasoma tena alichokiandika, kwa sababu mara nyingi hukuta kosa kabla mashine haijalikuta.

Kisha alifanya jambo ambalo naamini wengi hawalifanyi. Ujenzi ulipokwisha hakwenda kwenye simu kujaribu. Alikwenda kwenye folda ya mafaili yaliyoandikwa na mashine, akafungua lile lenye jina PimaActivity_ViewBinding, akaanza kulisoma kuanzia juu. Klasi yake inaitwa PimaActivity; mashine imeichukua hiyo, ikaongeza mkia, ikaandika klasi jirani. Na ndani yake, mstari baada ya mstari, palikuwa na ile kazi iliyomchosha mkono kwenye faili la mazoezi: tafuta kijenzi chenye kitambulisho hiki, hakikisha ni cha aina hii, kiweke kwenye nafasi hii. Hakuna muujiza ndani ya faili lile, ni Java ya kawaida ambayo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeisoma akaielewa, isipokuwa mwanafunzi angechoka kwenye mstari wa nne na mashine haikuchoka. Fundi aliufuata kila mstari kwa ncha ya penseli bila kugusa kioo, na kila alipokuta jina lake aliweka alama ya pili kwenye daftari. Kila kisanduku sasa kilikuwa na alama mbili, moja kwa kila ncha ya waya.

Amri ya kukamilisha ni ButterKnife.bind(this), na mahali pake ni pamoja tu: mara baada ya amri inayoitandaza skrini. Ukiiweka kabla, hakuna vijenzi vya kutafuta. Amri hiyo inachukua jina la klasi, inalibandika ule mkia, inaitafuta klasi jirani, inaiamsha, na inakumbuka ilikoipata ili safari ijayo isitafute tena. Kujichunguza kote kunaishia hapo. Mengine yote yalishamalizwa kwenye kompyuta, na simu ya bei ndogo ya mnunuzi haibebeshwi mzigo huo.

Hapo ndipo aliponilipa deni la jana.

Programu ile ina skrini nyingine, ya orodha ya mauzo, ambayo kijana wa mwaka 2018 aliiwekea maandishi yenye kitambulisho uzito. Fundi alirudi kwenye skrini mpya, akabadilisha kibandiko kimoja kwa majaribio: badala ya R.id.uzito_wa_kupima akaandika R.id.uzito. Akajenga. Hakuna mstari mwekundu. Nilishangaa, maana kwenye skrini hii mpya hakuna kijenzi chenye jina hilo. "Klasi R ni ya programu nzima," alieleza. "Inajua uzito yupo. Haijui yuko skrini gani." Kisomaji cha vibandiko kinauona msimbo wa Java, mafaili ya mpangilio hakiyafungui. Kwa hiyo kibandiko kinachoelekea kwenye kijenzi cha skrini nyingine kinapita salama, na kosa linangoja hadi skrini ifunguliwe mikononi mwa mtu. Alifungua skrini kwenye Tecno na programu ikaanguka. Kwenye kumbukumbu za makosa palikuwa na maelezo kwamba kijenzi kinachohitajika, uzito, chenye namba fulani, kwa ajili ya nafasi fulani, hakikupatikana. Nilivutiwa na maelezo yale. Aliyeiandika maktaba hii alifikiria siku ambayo mwenzake asiyemjua atakuwa amekwama, akamtajia jina, namba na nafasi, vyote vitatu.

Jaribio la pili lilikuwa baya zaidi. Aliweka kwa makusudi kijenzi chenye kitambulisho uzito kwenye skrini mpya pia, lakini kama maandishi yasiyoandikika, wakati nafasi kwenye Java ilitaka kisanduku cha kuandikia. Ujenzi ukapita tena. Programu ikaanguka tena, safari hii ikisema kijenzi kimepatikana ila si cha aina iliyotakiwa. Ingekuwa kinyume chake, nafasi ya maandishi ikapewa kisanduku cha kuandikia, isingeanguka kabisa, kwa kuwa katika Android kisanduku cha kuandikia ni mtoto wa kijenzi cha maandishi, na mtoto anakubaliwa mahali pa mzazi. Waya ungefungwa kwenye borni isiyo yake na taa ingewaka. Baba yake, aliyekuwa amesimama mlangoni muda wote bila mimi kumwona, alitikisa kichwa. Taa inayowaka kwa waya usio wake ndiyo iliyomtisha kuliko zote kazini.

Kwa hiyo jina refu. Kitambulisho uzito_wa_kupima kipo mahali pamoja tu ndani ya programu nzima. Akikikosea, kitakosekana wazi. Alirudisha kila kitu kama kilivyokuwa, akaniachia nilitazame lile neno aliloliandika kwa penseli jana yake jioni, kabla kompyuta haijawashwa.

Kitufe cha Hifadhi kilipata kibandiko cha aina nyingine, @OnClick, kinachobandikwa juu ya kitendo badala ya nafasi: kitufe hiki kikiguswa, fanya hili. Katika faili lililoandikwa na mashine, nyuma ya kibandiko hicho kuna klasi ndogo yenye swichi moja. Mguso wa kwanza ukipokelewa swichi inazimwa, na inawashwa tena foleni ya kazi za skrini ikifika zamu yake, ili vidole viwili vikigonga vitufe viwili kwa mpigo mmoja, kimoja tu kisikilizwe. Mtu mvivu angeona hapo kinga ya kutosha. Yeye aliniambia muda huo ni mfupi mno, mfupi sana kuliko muda wa mtu mwenye mikono ya maji ya samaki anayebonyeza mara mbili kwa sababu hana hakika kama simu imemsikia. Mibofyo hiyo miwili yote ingepita, na kambale wa kilo tatu wangeandikwa kilo sita. Akaongeza mwenyewe mstari unaokizima kitufe hadi kuhifadhi kuishe, na mwingine unaokiwasha. Kisha alibonyeza Tecno mara nyingi kwa kidole gumba alichokilowesha kwenye glasi ya maji. Rekodi moja. Akafuta, akarudia. Rekodi moja.

Jioni alinieleza jambo ambalo nilikuwa nimelihisi mchana kutwa bila kulitamka: kazi hii niliyoitazama ni ya kizamani. Kibandiko chenyewe kimebadilishwa jina mara mbili, kilianza kama @InjectView, mwaka 2015 kikawa @Bind, mwaka 2016 kikawa @BindView. Mwaka 2020 Android Studio toleo la 3.6 ilikuja na njia yake yenyewe iitwayo View Binding, na mwenye Butter Knife aliwashauri watumiaji wake wahamie huko, akaipumzisha maktaba yake. Naona ni jambo la heshima fundi kusema mwenyewe kwamba chombo chake kimepata kilicho bora. Na View Binding ni bora kwa sababu ileile iliyotuangusha mchana. Yenyewe inaanzia upande wa pili: inasoma faili la mpangilio, na kwa kila faili inaandika klasi yenye vijenzi vya skrini hiyo tu, kila kimoja na aina yake. Uzito wa skrini nyingine hauonekani humo hata ukiutafuta. Kosa lililongoja hadi simu ifunguliwe sasa linakamatwa kwenye kompyuta. Tena, tangu mwaka 2023, toleo la 8 la zana za ujenzi za Android limeacha kuzifanya namba za klasi R ziwe thabiti kwa kawaida yake, na anotesheni ya Java haikubali ndani ya mabano yake thamani isiyo thabiti. Kuendelea na vibandiko vya zamani kunahitaji kuirudisha tabia hiyo kwa mkono kwenye mipangilio. Yeye ameirudisha, kwa muda.

Kwa nini basi skrini mpya ameijenga kwa njia ya kale? Alisema hataki skrini mbili zinazoshughulikia pesa ileile zifungwe kwa mitindo miwili wakati wanunuzi wanaitumia programu kila asubuhi. Skrini ya mauzo na skrini ya kupima zitahamishwa pamoja, siku moja, na zitajaribiwa pamoja. Nyingine anazihamisha moja moja. Alinionyesha aliyoihamisha wiki iliyopita. Vibandiko havikuwepo tena. Juu ya klasi palikuwa na nafasi moja tu inayoshika muunganiko wote, na popote alipohitaji kijenzi alikiita kupitia hiyo. Majina aliyoyachagua kwa penseli yalikuwa yaleyale, ila mstari wa chini umeondolewa na herufi kubwa imeingia mahali pake: jina_la_kijiji limekuwa jinaLaKijiji. Kipete cheupe kimevuliwa, namba yake imechongwa kwenye waya wenyewe.

Aliifunga kompyuta saa tatu usiku. Kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari lake kuna orodha ya skrini zote kumi na nne za programu ile, kila iliyohamishwa imepigwa mstari. Huhamisha moja kila Jumamosi, akisoma faili zima lililoandikwa na mashine kabla ya kuipiga mstari. Zimebaki tisa, pamoja na hii ya kupima.